Wu Xing

Wu Xing (kwa Kichina 五行) ni nadharia ya kale ya China inayotumiwa katika tiba ya jadi kueleza afya kwa mti, moto, udongo, metali na maji. Hutafsiriwa mara nyingi "elementi tano", ingawa neno xing lina maana ya kwenda: kinachozungumziwa hasa ni mwendo wa mabadiliko, si vitu vyenyewe. Zou Yan, mwanafalsafa wa karne ya 3 KK, huhesabiwa kuwa mpangaji wake mkuu. Kitabu cha Huangdi Neijing kiliihusisha na utabibu.

Kila elementi ina viungo, majira na ladha yake. Ini ni la mti na uchachu. Figo ni za maji, kipupwe na chumvi. Chi, nguvu inayoaminika kuzunguka mwilini, hutulia pale elementi zinapoleana na kuzuiana. Maji hulisha mti, mti hulisha moto, lakini maji hayohayo huzima moto. Kanuni ya kitabu cha Nan Jing ni ya kuvutia: penye upungufu, imarisha mama (elementi inayolisha), penye ziada, punguza mtoto (elementi inayolishwa). Hivyo mapafu (metali) yakidhoofika, tabibu huweza kuanza na wengu na tumbo, kwa kuwa udongo ndio mama wa metali.

Tiba hutolewa kwa sindano, mitishamba, chakula, na kuchoma majani makavu ya jamii ya pakanga karibu na ngozi. Sayansi ya kisasa haijathibitisha kuwapo kwa chi.