Visiki vya Kongwa: Kabla Hujakodi Mashine

Leo tuzungumze juu ya visiki. Wapo watakaosema kisiki ni jambo dogo, lakini mtu aliyewahi kusikia jembe la trekta la kukodi likilia "kaa!" kwenye kisiki cha mtundu, na mwenye trekta akashuka na kudai fidia, huyo hawezi kusema ni jambo dogo.

Siku hizi wakulima wanaofungua mashamba mapya penye miti huniuliza swali moja: Bwana Shamba, nasikia ipo mashine ya kufunga nyuma ya trekta inayosaga visiki. Je, tukodi? Na kama kikundi chetu kikinunua, tuchague ipi? Swali ni zuri. Lakini jibu lake naomba tulianzie mbali kidogo, mwaka 1946, kwa sababu katika nchi yetu hii visiki viliwahi kuishinda serikali nzima ya Uingereza pamoja na makatapila yake.

Vita Kuu ya Pili ilipokwisha mwaka 1945, Waingereza walikuwa na shida kubwa ya mafuta ya kula. Mwaka uliofuata bwana mmoja aitwaye Frank Samuel, mkuu wa kampuni ya United Africa iliyokuwa chini ya Unilever, alipeleka wazo serikalini: tulime karanga Afrika ya Mashariki, tena kwa mashine. Serikali ikatuma watu watatu waje kutazama, wakiongozwa na John Wakefield. Huyu hakuwa mgeni. Alikuwa amewahi kuwa Mkurugenzi wa Kilimo hapa Tanganyika. Walitembea wiki chache tu, na sehemu kubwa ya nchi waliiona kutoka ndani ya ndege. Walirudi na mpango wa kufyeka ekari 3,210,000 kwa miaka sita, zigawanywe mashamba 107, kila shamba ekari 30,000. Mashamba 80 yawe Tanganyika, mengine Kenya na Rhodesia ya Kaskazini, ambayo leo ni Zambia.

Mahali pa kuanzia palichaguliwa Kongwa, katika nchi ya Wagogo. Kwa nini Kongwa? Kwa sababu ilionekana tupu. Watu walikuwa wachache, ardhi ni tambarare, na reli ya kati haiko mbali. Sasa hebu fikiri, ndugu mkulima. Ukikuta ardhi tambarare ambayo wenyeji wa karibu wameiacha miaka yote, je, hutauliza sababu? Wagogo waliijua sababu. Mvua ya pale haina ahadi. Watu wazima wa wakati ule walikuwa bado wanaikumbuka njaa iitwayo Mtunya, ya miaka ya 1917 hadi 1920, iliyoua na kutawanya watu wengi. Hayo hayaonekani kutoka kwenye ndege.

Kikosi cha kwanza kilifika Kongwa mwanzoni mwa mwaka 1947. Shabaha ya mwaka huo ilikuwa kusafisha ekari 150,000. Matrekta mapya hayakupatikana kwa sababu dunia nzima ilikuwa inayataka, basi yakanunuliwa yaliyobaki katika maghala ya jeshi la Marekani, mengine huko Filipino. Yalikuwa ya aina mbalimbali, mengi yamechoka, na spea za aina hii haziingii katika aina ile. Bandari ya Dar es Salaam ilikuwa ndogo kwa mzigo ule. Tena mto Kinyasungwe ulifurika ukaichukua reli. Karakana ya maana haikuwapo, na madereva wengi walikuwa wanajifunza kazi papo hapo.

Lakini yote hayo yangeweza kurekebishwa. Kilichowashinda zaidi kilikuwa chini ya ardhi.

Kuangusha vichaka wao walikuta ni kazi nyepesi. Walijifunza hata ufundi mmoja wa ajabu: kuchukua mnyororo wa nanga ya meli, kuufunga kati ya makatapila mawili yanayokwenda sambamba, na kuukokota. Kichaka chote kinalala kama majani mbele ya panga. (Mibuyu ilikuwa shauri jingine, maana mingi ilikuwa na nyuki ndani, na wafanyakazi kadhaa waliishia hospitali.) Mtu akitazama eneo lililolazwa namna hiyo husema shamba limekwisha kufunguliwa. Kumbe bado. Vichaka vya Kongwa vina mizizi mingi iliyosukana chini kama ukili wa mkeka. Juu pakiwa peupe, chini msitu uko vile vile. Ikabidi kupitisha vyuma vizito vya kukata na kukwangua mizizi, na hapo ndipo vyuma vilipopinda na kuvunjika, vingine baada ya siku chache tu. Udongo nao ulikuwa na chembe kali za mawe zinazokula chuma kama tupa. Kabla mwaka 1947 haujakwisha, theluthi mbili hivi ya matrekta yalikuwa yamelala. Zilizopatikana ni ekari 7,500 hivi.

Ndipo London wakafikiria mashine yenye nguvu zaidi. Vifaru vya vita aina ya Sherman vilipelekwa katika kiwanda cha Vickers, vikavuliwa mizinga na kugeuzwa matrekta, vikaitwa Shervick. Kifaru ni kifaru. Kilitengenezwa kwa vita, si kwa kusukuma mizizi kutwa nzima katika vumbi la Kongwa, na Shervick hizo hazikuleta faraja yoyote ya maana. Mimi hushangaa kwamba mwaka ule ule wa 1946, huko Coventry, lilianza kuundwa trekta dogo la kijivu la Harry Ferguson, lenye mikono mitatu nyuma ya kubebea jembe. Massey Ferguson unayoiona kijijini leo ni ya ukoo huo. Wakati wakubwa wanahangaika na vifaru, kilimo cha watu wadogo kilikuwa kinapata mashine yake kimya kimya.

Basi karanga zilipandwa. Udongo wa Kongwa una tabia ya kukauka ukawa mgumu kama saruji baada ya mvua kukatika. Wewe unajua karanga huzaa ndani ya udongo. Unang'oa shina, karanga zinabaki chini. Kisha mwaka 1949 mvua ikakosekana. Januari 1951 serikali ya Uingereza ikatangaza kuuacha mpango, na pauni milioni 36 hivi za walipa kodi wao zikafutwa katika vitabu.

Sasa turudi kwenye mashine yako ya kusaga visiki. Hii haikuwapo wakati wa Kongwa. Huko Marekani kampuni ya Vermeer, ya mji wa Pella katika jimbo la Iowa, ilitoa mashine ya kukata visiki mwaka 1957, na baadaye zikaja za viwanda vingi, zikiwamo hizi za kubebwa na mikono mitatu ya trekta. Ni gurudumu la chuma lenye meno magumu pembeni. Linazungushwa na shafti inayotoka nyuma ya trekta, ile ambayo mafundi huiita PTO, ambayo kwa matrekta mengi huzunguka mara 540 kwa dakika. Gurudumu hupelekwa kulia na kushoto juu ya kisiki, likikila kidogo kidogo mpaka kinakuwa unga wa mbao. Kwa kawaida hushuka chini ya uso wa ardhi kiasi cha shubiri moja au kidogo zaidi.

Sikiliza hapo vizuri. Inasaga kisiki, haing'oi mizizi. Mizizi yote iliyotambaa pembeni inabaki ilipo. Kama shamba lako ni la vichaka vilivyosukana kama vya Kongwa, mashine hii itasaga kutwa, utalipa, na jembe la trekta litakwama siku ya pili. Lakini kama una shamba linalolimwa tayari na visiki vikubwa vichache vinasumbua, au unaondoa mikorosho mizee ili upande miche mipya, au unafungua njia ya gari shambani, hapo inafaa sana, kwa sababu haipindui ardhi na haiachi shimo la kuzika ng'ombe. Unga wake wa mbao usiuchanganye na udongo mahali unapotaka kupanda mara moja, kwa maana unapooza hunyang'anya mazao chakula cha naitrojeni. Uvute pembeni, utumie kufunika udongo kwenye miti.

Kabla ya kupatana bei, chimba. Chukua sururu, chagua visiki vitatu vya miti tofauti, ufukue kuvizunguka uone mizizi inakwenda chini au pembeni, na kama kuna mawe. Meno ya mashine hii hayapatani na mawe wala na mchanga mkali, na meno ndiyo gharama yake kubwa. Muulize mwenye mashine ana meno ya akiba mangapi na anayapata wapi. Akijikuna kichwa, ujue mashine itakufa shambani kwako kama zile za Kongwa. Angalia nguvu za farasi ambazo kiwanda cha mashine kinataka, ulinganishe na trekta litakaloibeba. Trekta dogo likibebeshwa gurudumu kubwa huzimika kila mara, na hatimaye klachi huungua. Kifuniko cha ile shafti inayozunguka kiwepo. Nguo ikishikwa na shafti hiyo mtu hana nafasi ya kupiga kelele. Watoto wakae mbali kabisa, maana vipande vya mbao na mawe huruka.

Halafu bei. Wengine hutoza kwa saa, wengine kwa kisiki. Ukilipa kwa saa, mti mgumu kama mninga utakumaliza. Patana kwa kisiki, tena kwa kupima upana wake, na uhesabu visiki mwenyewe kabla. Wakulima wengi wakishahesabu huona kwamba vinavyozuia kazi kweli ni vichache kuliko walivyodhani.

Na ukiamua katapila, maana kwa mashamba mengine hakuna njia nyingine, msimamie dereva. Sepeto lake likishuka sana linakusanya udongo wa juu, ule mweusi wenye rutuba, na kuupeleka kwenye matuta ya takataka pembeni. Utabaki na shamba safi lisilo na chakula. Mwambie ainue, au atumie lile lenye meno kama reki, na matuta hayo yalazwe kukingama mteremko.

Ipo na njia ya wasio na fedha, nayo ndiyo ya wengi wetu. Bandua gome kuzunguka shina, mti ufe umesimama, kisha ukate. Visiki vinavyochipua, ondoa machipukizi kila yanapotokea. Misimu michache mizizi huchoka. Mchwa watakusaidia bila malipo. Ni polepole, nakubali.

Swali moja limebaki, ambalo watu wa mwaka 1946 hawakujiuliza hata kidogo: je, visiki vyote viondoke? Tutoke Ugogo kidogo, twende Shinyanga. Kule katika miaka ya 1920 vichaka vilifyekwa kwa nguvu za maelfu ya watu ili kufukuza mbung'o, chini ya Charles Swynnerton. Mbung'o walipungua kweli, mifugo na watu wakaongezeka, na kadiri miaka ilivyopita nchi ikabaki uchi, kuni zikawa za kutafutwa mbali. Mwaka 1986 serikali ilianzisha Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI, na Wasukuma wakarudia desturi yao ya ngitili, yaani kutenga sehemu ya malisho isiguswe. Miti ikarudi, mingi bila kupandwa, kutoka kwenye visiki na mizizi iliyokuwa hai chini ya udongo.

Kongwa yenyewe sehemu ya ardhi ile iligeuka ranchi ya ng'ombe, na Urambo, lililokuwa shamba jingine la mpango wa karanga, likawa la wakulima wadogo wa tumbaku. Na katika miaka ya karibuni wakulima wa mkoa wa Dodoma, wa Kongwa wakiwamo, wamekuwa wakifanya jambo linaloitwa Kisiki Hai. Kisiki kinachochipua hakichimbwi. Mkulima huchagua machipukizi machache yaliyonyooka, hupogoa mengine, huweka alama ili mifugo na wapita njia wayaache, na mti unakua haraka kuliko mche wa kitalu kwa sababu mizizi yake ni ya zamani.

Kwa hiyo utakapokwenda kuhesabu visiki, nenda na vitambaa vya rangi mbili. Rangi moja funga vya kuondoa: vilivyo katika mistari ya kulima, vya njiani, vya mahali pa nyumba. Nyingine funga vya kuacha, hasa mpakani, kandokando ya makorongo na penye mteremko. Fanya hivyo kiangazi, wakati majani yamekauka na unaona ardhi vizuri, na umpe dereva maelezo hayo kabla hajawasha mashine, tena mbele ya shahidi, maana dereva akishaanza kusaga hasikii mtu. Juma lijalo, tukijaliwa, tutazungumza juu ya kupanga matuta katika shamba jipya.