iPod ya mwaka 2001 ilishinda kwa waya, si kwa gurudumu

Ukizitazama namba peke yake, iPod ya kwanza haikuwa na la kumshangaza mtu. Steve Jobs alipoitambulisha tarehe 23 Oktoba 2001 katika makao makuu ya Apple, Cupertino, California, tayari madukani kulikuwa na Nomad Jukebox ya kampuni ya Creative ya Singapore, iliyotoka mwaka uliotangulia ikiwa na diski ya gigabaiti 6. iPod ilikuwa na gigabaiti 5. Tangu mwaka 1999 ilikuwepo pia Personal Jukebox, iliyobuniwa na watafiti wa Compaq na kuundwa na kampuni ya HanGo ya Korea Kusini, nayo ilikuwa na gigabaiti 4.8. Bei ya iPod ilikuwa dola 399, na haikukubali kompyuta yoyote isipokuwa Macintosh, wakati Wamarekani wengi, na dunia karibu yote, walitumia Windows. Rob Malda, mwanzilishi wa tovuti ya Slashdot, aliitupilia mbali kwa maneno machache: haina mawasiliano yasiyo ya waya, na nafasi yake haifikii ya Nomad. Kwa vipimo alivyovitumia, alikuwa sahihi. Linalohitaji kuelezwa ni jinsi vipimo sahihi vilivyozaa hukumu iliyokwenda kombo kiasi kile.

Majibu yaliyozoeleka yanataja gurudumu la kuchagulia nyimbo, umbo jeupe, matangazo, na ufundi wa Jobs wa kuongea jukwaani. Yote yana ukweli, ila yanaeleza zaidi kwa nini mtu aliitamani iPod kuliko kwa nini iliweza kutumika kila siku bila kero. Kwa maoni yangu, sifa mbili ambazo leo hazitajwi na mtu ndizo zilizobeba mzigo: waya wa FireWire, na megabaiti 32 za kumbukumbu ya muda zilizowekwa kati ya diski na masikio ya msikilizaji. Sifa zote mbili zinahusu muda. Ya kwanza iliamua kifaa kinajazwa kwa muda gani, na ya pili iliamua kitaimba kwa muda gani kabla betri haijakata. Orodha za ulinganisho za wakati ule zilihesabu gigabaiti, na gigabaiti hazisemi lolote kuhusu mambo hayo.

Ili kuuona uzito wa waya, turudi mwaka 1998, kampuni ya Diamond ya Marekani ilipotoa Rio PMP300. Kifaa hicho hakikuwa na diski. Nyimbo zilikaa kwenye chipu ya megabaiti 32, yaani muziki wa nusu saa hivi kwa ubanaji wa kawaida wa MP3 wa kilobiti 128 kwa sekunde. Kilijazwa kupitia soketi ya kompyuta iliyokusudiwa printa. Waya wa polepole haukuwa kikwazo kikubwa kwa Rio kwa sababu hakukuwa na mengi ya kupitisha. Balaa lilianza watengenezaji walipoweka diski. Nafasi iliongezeka zaidi ya mara mia moja, lakini waya uliotumika ukawa USB ya kizazi cha kwanza, ambayo kikomo chake kilikuwa megabiti 12 kwa sekunde. Gigabaiti 5 ni takriban megabiti 40,000. Hata waya huo ungefanya kazi kwa ukamilifu usiokuwepo duniani, kazi ingekaribia saa nzima, na kwa vifaa halisi vya siku zile ilikuwa shughuli ya saa kadhaa. Jobs mwenyewe, siku ya utambulisho, aliukadiria muda wa washindani kuwa saa tano.

FireWire haikubuniwa kwa ajili ya iPod. Apple na washirika wake waliianzisha tangu miaka ya 1980, ikakubaliwa kuwa kiwango rasmi mwaka 1995, na kazi yake iliyojulikana zaidi ilikuwa kuhamisha picha kutoka kamera za video za kidijitali. Ilipitisha megabiti 400 kwa sekunde. Apple ilidai kwamba nyimbo za CD moja zingeingia ndani ya iPod kwa sekunde 10, na nyimbo 1,000 kwa chini ya dakika 10. Tukiipiga hesabu ahadi hiyo tunapata kama megabaiti 8 kwa sekunde, ilhali waya ungeweza kufikia 50. Maana yake kasi iliishia kwenye diski yenyewe, na waya haukuwa tena sababu ya mtu kusubiri. Waya huohuo ulichaji betri wakati nyimbo zikihama, jambo dogo kulisikia lakini lililoondoa chaja ya pili kwenye meza ya mtumiaji.

Tofauti ya dakika 10 na saa tano si ya starehe tu, inabadilisha namna kifaa kinavyotumika. Programu ya iTunes, iliyotolewa Januari 2001, iliiwezesha iPod kujilinganisha na maktaba ya kompyuta mara tu inapochomekwa: wimbo uliofutwa huku unafutwa kule, uliopangwa upya unapangwa upya. Utaratibu huo ungekuwa adhabu kwenye waya unaotambaa. Msomaji aliyewahi kumwachia kijana wa kibandani simu au flashi yake arushiwe nyimbo analijua jambo hili bila kufundishwa, maana sehemu ya anachokilipia pale ni kuepushwa na kusubiri.

Sifa ya pili inahitaji maelezo ya diski. Diski ni bamba linalozunguka maelfu ya mara kwa dakika, na mota yake hula umeme. Ikizunguka muda wote wimbo unapopigwa, betri ndogo haifiki mbali. Nomad Jukebox ilibebeshwa betri nne za AA na bado haikudumu. Wahandisi wa iPod waliitumia diski kama mtu anavyotumia kisima cha mbali: unakwenda mara moja, unajaza mtungi, halafu unakaa nyumbani ukichota kidogo kidogo. Wimbo uliobanwa kwa kilobiti 160 kwa sekunde hutumia kilobaiti 20 kila sekunde, hivyo megabaiti 32 zingetosha kwa dakika 26 hivi. Ukitoa nafasi inayochukuliwa na programu ya kifaa chenyewe, unafika kwenye dakika 20 ambazo Apple ilizitangaza. Katika dakika hizo diski ilizima kabisa. Ilizinduka, ikajaza kumbukumbu, ikalala tena, na betri moja nyembamba ya lithiamu ikafikisha saa 10 zilizoahidiwa.

Apple iliinadi kumbukumbu hiyo kama kinga ya wimbo kurukaruka mtu anapotembea au kukimbia. Kinga hiyo ilikuwa ya kweli, kwa kuwa diski iliyolala haitikisiki ikakosa kusoma, lakini nadhani tangazo liliificha faida kubwa nyuma ya ndogo. Wazo lenyewe halikuwa jipya: vicheza CD vya mkononi vilikuwa na kumbukumbu ya sekunde kadhaa kwa miaka mingi. Kilichobadilika ni kipimo, kutoka sekunde hadi dakika 20, na kipimo kikikua hivyo kitu kinageuka kuwa kingine. Mpango huu ulikuwa na udhaifu wake. Msikilizaji mwenye papara ya kuruka wimbo baada ya wimbo aliiamsha diski kila mara na kuimaliza betri mapema. Anayependa faili zisizobanwa za WAV au AIFF, ambazo iPod ilizipiga, alizimaliza dakika 20 zile kwa dakika mbili au tatu.

Kuna watakaosema siri ilikuwa udogo wa diski. Jon Rubinstein wa Apple alipotembelea Toshiba nchini Japani mapema mwaka 2001, alionyeshwa diski ya inchi 1.8 ambayo wenyewe hawakuwa na hakika watauzia nani, na Apple ikahakikisha kwamba washindani hawaipati kwa haraka. Ni hoja nzito. Nomad ilitumia diski ya inchi 2.5 ya kompyuta za mkononi na ikawa kubwa kama kicheza CD, ilhali iPod ilikuwa na uzito wa gramu 184 na iliingia mfukoni. Lakini kifaa kidogo hubeba betri ndogo, na betri ndogo isingeihimili diski isiyolala. Udogo wa diski ya Toshiba ulikuwa na faida kwa sababu mtungi ulikuwepo. Gurudumu nalo lilipendekezwa na Phil Schiller, naye wa Apple, na lilirahisisha kupita kwenye majina 1,000, kazi ambayo ipo tu kama majina hayo yameshaingia ndani.

Pingamizi kali zaidi ni la mauzo. Hadi mwisho wa 2001 ziliuzwa iPod 125,000 tu, na milioni ya kwanza ilitimia Juni 2003. Robo ya mwisho ya mwaka 2004 peke yake ziliuzwa zaidi ya milioni 4.5. Katikati hapo, tarehe 28 Aprili 2003, lilifunguliwa duka la nyimbo la iTunes, na iPod ya kizazi cha tatu ikakubali USB. Je, FireWire haikuwa kizuizi, kwa kuwa kompyuta nyingi za Windows hazikuwa nayo? Kwa upande wa soko, ilikuwa. Ila tazama ni USB ipi iliyokubaliwa: ile ya pili, ya megabiti 480 kwa sekunde. Hata iPod ya kwanza kwa ajili ya Windows, ya mwaka 2002, iliendelea kudai FireWire. Apple ilivumilia kuwakosa wateja kwa miezi mingi kuliko kuwapa waya wa megabiti 12, na washindani nao walianza kuisogelea pale tu USB ya pili ilipoenea. Kuhusu duka, Jobs aliandika Februari 2007 kwamba kwa kila iPod iliyouzwa, duka lilikuwa limeuza wastani wa nyimbo 22, chini ya asilimia 3 ya zilizomo ndani ya kifaa. Asilimia 97 zilitoka kwenye CD za watu na kwingineko, zikapita kwenye waya.

Septemba 2005 ilitoka iPod nano, isiyo na diski bali chipu. Kisichozunguka hakihitaji kulazwa, kwa hiyo mantiki ya kumbukumbu ya dakika 20 ikakosa kazi. FireWire ikabaki ya kuchaji tu. Gurudumu na hesabu ya nyimbo mfukoni vilibaki machoni pa wanunuzi kwa miaka mingine mingi, na wanaosimulia habari za iPod leo huanzia kwenye kile walichokikuta.