Kauli ya Shahidi na Alama ya Mashine

Mwaka 1898 jumuiya ya sadaka ya New York ilifungua darasa la kiangazi la wiki sita kwa ajili ya watu waliokuwa wakizuru nyumba za mafukara, na katika darasa hilo ndimo ilimochipuka shule ya ustawi wa jamii ya Chuo Kikuu cha Columbia. Bibi Mary Richmond, aliyetoa rai mwaka mmoja kabla kwamba kazi hii ipatiwe chuo chake, alitoa mwaka 1917 kitabu Social Diagnosis, na humo, akiazima utaratibu wa mahakama, akapambanua lile ambalo mzuru ameliona kwa macho yake, lile aliloambiwa na shahidi, na lile linalokisiwa kwa dalili tu, akitaka kila kauli ipimwe kwa hali ya aliyeitoa: alijuaje, na ana maslahi gani katika jambo lenyewe?

Sioni somo lililo bora kuliko hilo kwa mwanafunzi ambaye leo anakabidhiwa akili mnemba. Agosti 2016 wilaya ya Allegheny, penye mji wa Pittsburgh, ilianza kutumia programu ambayo, mtu apigapo simu kuarifu kwamba mtoto anadhulumiwa au ametelekezwa, hupekua kumbukumbu za serikali zihusuzo watu wa nyumba ile, kisha humpa mpokea simu alama kati ya 1 na 20, imsaidie kuamua kama mpelelezi atumwe. Lakini kumbukumbu hizo ni za nani? Mwandishi Virginia Eubanks, katika kitabu chake cha mwaka 2018 kuhusu mashine za namna hii, alibainisha kwamba fukara, kwa kuwa hutibiwa na kusaidiwa kwa fedha za umma, huacha athari katika kila daftari, hali tajiri amlipaye tabibu wake mwenyewe haonekani humo. Hata kuomba msaada, jambo alifanyalo mzazi mwema kwa ajili ya mwanawe, kukaweza kuhesabiwa dalili ya hatari. Wakuu wa wilaya walijibu kwamba alama husaidia tu na uamuzi ni wa binadamu, na ni haki wasikilizwe. Ila mtumishi aliyeelemewa na kazi, akiiona 19 mbele yake, huhitaji elimu na ushujaa kusema la.

Na pasipo na wa kusema la, madhara huwa makubwa: Uholanzi, ambako maelfu ya wazazi walituhumiwa hila katika posho ya malezi, na mashine ikihesabu uraia wa kigeni kuwa ishara ya hatari, serikali nzima ilijiuzulu kwa sababu hiyo Januari 2021.

Nawasihi basi walimu wa ustawi wa jamii wasikifundishe chombo hiki kama ufundi wa kubonyeza tu, bali wamtake mwanafunzi aeleze alama imetokana na kumbukumbu za nani, imeacha nini, na mzazi atajitetea wapi. Na asiyeweza kueleza, asikabidhiwe jalada la mtoto.