Fechner na Swali la Uzuri

Mwaka 1871 picha mbili za Mariamu na Mtoto ziliwekwa pamoja mjini Dresden, Ujerumani. Zote zilidhaniwa kuwa kazi ya Hans Holbein Mdogo. Kwa miaka mingi watu waliisifu mno ile ya Dresden. Sasa wataalamu wakaamua kwamba ile ya Darmstadt ndiyo ya asili, na ya Dresden ni nakala tu. Je, uzuri uliowagusa watazamaji ulikuwa wa uongo?

Gustav Fechner, mwana wa mchungaji na mwanachuoni wa Leipzig, aliweka daftari ili wageni waandike ni picha ipi iliyo nzuri zaidi. Wageni walizidi 11,000. Walioandika ni 113 tu, na wengi wao hawakufuata maagizo.

Hata hivyo Fechner hakukata tamaa. Katika kitabu chake cha mwaka 1876 alifundisha kwamba uchunguzi wa uzuri uanzie chini, katika yale watu wanayoyaonja, wala si juu, katika fafanuzi za wanafalsafa. Tena alionyesha kwamba kumbukumbu huongeza yake juu ya yale jicho linayoyaona: chungwa hutupendeza kuliko mpira wa mti uliopakwa rangi ileile, kwa kuwa tunakumbuka harufu, ladha na nchi lilikokua.

Basi tusimdharau mshirika anayeguswa na picha ya bei ndogo ukutani mwake. Kabla ya kumfundisha, na tumwulize kwanza anaona nini.