Damu ya Pwani, Damu ya Mlimani
Mdogo wangu alipobanwa na maumivu ya selimundu, mama alimkanda magoti kwa maji ya moto hadi alfajiri. Sisi ni watu wa Kilifi. Koo nyingi hapa zina kilio hicho. Mwaka 1949 Anthony Allison, kijana aliyekulia Kenya, alipima damu za watu, akaona wenye jeni ya selimundu ni wengi pwani na kandokando ya Ziwa Victoria, lakini nyanda za juu ni nadra. Mwaka 1954 akaeleza sababu: malaria. Mtoto aliyerithi jeni hiyo kwa mzazi mmoja tu huihimili malaria kali, akakua, akazaa. Aliyeirithi kwa wote wawili ndiye mgonjwa. Wanaouita ugonjwa huu laana ya ukoo wanakosea. Wachumba, pimeni damu kabla ya ndoa.