Krismasi ya Kiangazi

Krismasi ya kiangazi ni jina la jumla la desturi za kuadhimisha kuzaliwa kwa Yesu Kristo katika nchi zilizo kusini mwa ikweta, ambako tarehe 25 Desemba huangukia msimu wa jua kali, likizo ndefu na matunda mabivu. Makala hii inahusu zaidi Australia na Nyuzilandi. Walowezi wa Kiingereza walifika huko na sikukuu iliyokwisha kuvishwa koti la baridi, wakachukua zaidi ya miaka mia kuivua koti hilo, na hadi leo hawajalivua lote.

Neno "kiangazi" linahitaji maelezo kidogo. Katika Kiswahili ni msimu wa ukavu na jua, na watu wa mwambao huhesabu majira yao kwa pepo, kaskazi na kusi, kuliko kwa baridi na joto. Australia ya kusini na Nyuzilandi zina majira manne kama Ulaya, ila yamegeuzwa: Desemba, Januari na Februari ndiyo miezi ya joto. Hicho ndicho kiangazi kinachozungumziwa hapa.

Tarehe na jua

Injili hazitaji siku wala msimu wa kuzaliwa kwa Yesu. Tarehe 25 Desemba inaonekana wazi kwa mara ya kwanza katika kumbukumbu za Roma zilizokusanywa mwaka 354, ndani ya orodha inayorudi nyuma hadi mwaka 336. Kwa watu wa Roma hizo ni siku za solistasi ya baridi, ambapo mchana umefikia ufupi wake wa mwisho na unaanza kurefuka tena. Wahubiri hawakuhitaji kutafuta mfano mbali, kwani nuru ilikuwa inarudi mbele ya macho yao. Miti isiyopukutisha majani, magogo motoni, mishumaa dirishani na vyakula vizito vyenye mafuta na viungo ni majibu ya watu wa kaskazini kwa giza la majira hayo.

Kusini, tarehe 21 au 22 Desemba jua la adhuhuri huwa utosini juu ya Tropiki ya Kaprikoni, nyuzi 23 na dakika 26 chini ya ikweta, mstari unaopita Rockhampton katika jimbo la Queensland. Ndiyo siku yenye mchana mrefu kuliko zote za mwaka. Mji wa Hobart, katika kisiwa cha Tasmania, hupata zaidi ya saa 15 za mwanga. Anayehubiri huko hawezi kusema kwamba nuru inarudi, maana nuru imejaa tele na kesho yake itaanza kupungua. Hii ni tofauti ya msingi zaidi kuliko suala la theluji, ingawa theluji ndiyo inayotajwa zaidi.

Krismasi za mwanzo

Krismasi ya kwanza inayojulikana katika maji ya Nyuzilandi ilikuwa ya mabaharia wa Kiholanzi wa Abel Tasman, mwaka 1642. Siku chache kabla, wanne kati yao walikuwa wameuawa katika mapambano na Wamaori. Meli zao zilijibanza karibu na kisiwa ambacho leo kinaitwa D'Urville kukwepa dhoruba, wakala nyama mbichi ya nguruwe waliowachinja melini na kuongezewa mgawo wa mvinyo. Mwaka 1769 ilikuwa zamu ya James Cook na meli yake Endeavour, wakiwa baharini kaskazini mwa nchi hiyohiyo. Mwanasayansi Joseph Banks alikuwa amewapiga risasi ndege wa baharini, ndege hao wakafanywa pai, na mabaharia wakaiita pai ya bata bukini kwa kuwa ndivyo Krismasi ya kwao ilivyotaka. Chakula ni cha mahali, jina ni la nyumbani: mtindo huo tutauona tena na tena.

Tukio lenye uzito zaidi ni la tarehe 25 Desemba 1814, kwenye ufuo wa Oihi katika Ghuba ya Visiwa. Kasisi Samuel Marsden, aliyekuja kutoka Sydney, aliongoza ibada mbele ya mamia ya Wamaori. Aliyeandaa kila kitu ni chifu kijana Ruatara, ambaye Marsden alikuwa amemfahamu miaka ya nyuma. Ruatara alizungusha ua, akatengeneza mimbari kutokana na mtumbwi mkuukuu, akapindua mitumbwi mingine iwe viti, na ndiye aliyewaeleza watu kwa Kimaori kilichosemwa. Vitabu vingi humtaja Marsden kwanza. Mtu akitaka kujua Krismasi ilivyopata makao katika nchi ile, aanze na ile mitumbwi iliyopinduliwa.

Australia, koloni lilianzishwa Januari 1788 kama mahali pa kuwafungia wahalifu, juu ya ardhi ya watu waliokuwa wakiishi hapo kwa makumi ya maelfu ya miaka. Desemba ya mwaka huo watu wa koloni waliadhimisha Krismasi yao ya kwanza ufukweni mwa Sydney, jua likiwaka na akiba ya chakula ikipimwa kwa kibaba.

Miti ya Desemba

Kabla watu hawajakubali kubadilisha chakula wala mavazi, mimea ilikwisha kuwabadilishia mapambo. Kwa kuwa mmea wa holi wa Uingereza haukupatikana, walowezi walitazama nje na kuona nini kimechanua.

Nyuzilandi kulikuwa na pohutukawa, mti wa pwani wenye shina lililopindapinda na mizizi inayong'ang'ania majabali juu ya bahari. Desemba hufunikwa na maua mekundu ambayo kwa kweli ni mafungu ya nyuzi nyembamba za chavua. Nyuzi hizo zikianguka, mchanga wa chini yake hugeuka zulia jekundu. Mwanajiolojia Ferdinand von Hochstetter, katika kitabu chake cha mwaka 1867, alieleza kuwa walowezi walipamba makanisa na nyumba zao kwa matawi yake wakati wa Krismasi. Leo huitwa mti wa Krismasi wa Nyuzilandi, nao umo kwenye kadi, stempu na nyimbo za huko.

New South Wales ina kichaka chake cha Krismasi, chenye tabia ya pekee. Maua yake ni madogo na meupe, nayo huchanua mapema, majira ya kuchipua. Maua yakishakwisha, sepali, yaani vijani vinavyoyashika, huanza kukua na kuiva rangi, na ifikapo wiki ya Krismasi kichaka kizima ni chekundu. Watu huyaita maua, kumbe maua yenyewe yameshapita.

Wa kustaajabisha kuliko yote ni mti wa Krismasi wa Australia Magharibi, Nuytsia floribunda, ambao watu wa Noongar huuita moodjar. Desemba huwaka rangi ya machungwa na manjano, mkali kama moto uliowashwa kwenye vichaka vikavu. Mti huu ni mnyonyaji. Mizizi yake husafiri makumi ya mita chini ya mchanga, na ikikutana na mzizi wa mmea mwingine huuzungushia pete nyeupe yenye kibamba kigumu ndani yake, kinachokata kama mkasi, kisha huanza kufyonza maji. Mizizi hiyo haichagui. Imewahi kukata nyaya za simu zilizofukiwa ardhini. Nao ni ndugu wa mimea ileile midogo inayoota juu ya miti ya Ulaya, ambayo Waingereza huitundika mlangoni wakati wa Krismasi. Kwa Wanoongar, roho za waliofariki hupumzika juu ya matawi yake kabla ya safari yao ya mwisho, na kwa sababu hiyo wengi hawapendi maua yake yakatwe. Anayeuita mti wa Krismasi afahamu kuwa una heshima ya kale kuliko jina hilo.

Mbali na mimea, kuna mbawakavu wa Krismasi, mdudu mwenye gamba linalong'aa kama shaba iliyosuguliwa. Zamani walijaa kwenye taa za baraza kila Desemba mashariki mwa Australia. Wakazi wengi wanasema siku hizi hawawaoni kama zamani.

Mezani

Hapa ndipo mvutano ulipodumu muda mrefu. Katika karne ya 19, na hata nusu ya kwanza ya karne ya 20, mama wa nyumbani wa Kiaustralia aliwasha jiko la kuni asubuhi ya joto, akaoka nyama, akachemsha kwa saa nyingi pudini ya matunda makavu iliyofungwa kwenye kitambaa cha pamba. Ndani ya pudini vilifichwa visarafu vya fedha, na mtoto aliyekipata alihesabiwa kuwa na bahati. Mwaka 1966 nchi ilipobadilisha sarafu na kuanza kutumia dola na senti, ilionekana kuwa sarafu mpya za shaba na nikeli hazifai kupikwa, maana huharibu pudini kwa rangi na ladha. Familia nyingi ziliweka pembeni visarafu vya zamani kwa ajili ya siku hiyo tu. Aliyekipata huchukua sarafu mpya mkononi na kurudisha ya zamani mezani, ili ingojee mwaka ujao.

Siku hizi meza ya kawaida ya Kiaustralia ni baridi. Kuna kamba wakubwa wanaomenywa kwa mikono, chaza, maembe, cheri, na pavlova, yaani ute wa mayai uliopigwa na sukari, ukaokwa mpaka ukawa mgumu nje na laini ndani, juu yake krimu na matunda. Imepewa jina la Anna Pavlova, mcheza baleti wa Kirusi aliyetembelea nchi hizo mbili katika miaka ya 1920, na kila nchi inadai iliivumbua yenyewe. Soko la samaki la Sydney hufungua milango alfajiri ya tarehe 23 Desemba na kuuza saa 36 mfululizo. Nyama ya nguruwe iliyokaushwa kwa chumvi na moshi imebaki, lakini hukatwa ikiwa baridi. Mfupa wake na nyama iliyobaki huvikwa mfuko wa kitambaa uliochovywa kwenye maji na siki, ukawekwa kwenye friji, na familia hula vipande hadi Januari. Nyuzilandi, familia nyingi za Kimaori hupika hangi: nyama na viazi vitamu ndani ya shimo lenye mawe ya moto, vikafukiwa kwa udongo kwa saa kadhaa.

Mishumaa na mchana mrefu

Mwaka 1937 mtangazaji wa redio wa Melbourne, Norman Banks, alikuwa akirudi nyumbani usiku wa kuamkia Krismasi alipomwona bibi kizee ameketi dirishani, mshumaa ukimwangazia uso, akiimba pamoja na nyimbo za redio. Mwaka uliofuata Banks aliitisha watu kwenye bustani ya Alexandra waimbe pamoja kwa mwanga wa mishumaa, wakaja takriban 10,000. Tamasha hilo bado hufanyika kila tarehe 24 Desemba, sasa katika uwanja wa Sidney Myer Music Bowl, na miji mingine mingi imeliiga.

Jua la Melbourne siku hiyo huzama kama saa 2:40 usiku. Saa inasema usiku, anga inasema jioni. Watu hutandika mablanketi kwenye nyasi, watoto hushika mishumaa ambayo mwanga wake hauonekani bado, na giza huwakuta wamekwisha kuimba nyimbo kadhaa. Baadhi ya nyimbo ni za huko. Mwaka 1948 John Wheeler aliandika maneno na William G. James akatunga muziki wa mkusanyo wa nyimbo za Krismasi za Kiaustralia, zenye ndege wa nyikani na wachunga ng'ombe mahali pa theluji na wachungaji wa Bethlehemu.

Baba Krismasi ameendelea kuvaa manyoya. Kila mwaka tangu 1933, ila vita vilipozuia, maandamano ya Adelaide humleta mjini mwezi Novemba akiwa na koti lake zito. Ufukweni huonekana na kaptula, na katika miji mingi midogo huja juu ya gari la zimamoto akirusha peremende. Gari hilo limechaguliwa vizuri.

Hatari za msimu

Desemba ni mwezi wa moto wa nyika, na kaskazini ni mwezi wa vimbunga. Usiku wa kuamkia Krismasi ya mwaka 1974, kimbunga Tracy kiliupiga mji wa Darwin. Onyo lilikuwa limetolewa, lakini wiki chache kabla kimbunga kingine kilikuwa kimetishia kisha kikapita mbali, na watu wengi waliendelea na karamu zao. Kipimo cha upepo katika uwanja wa ndege kilisoma kilomita 217 kwa saa, kisha kikavunjika. Watu 66 walikufa, sehemu kubwa ya nyumba za mji ikabomoka, na zaidi ya wakazi 30,000 wakahamishwa katika siku chache zilizofuata, wengi kwa ndege. Padri Ted Collins alirekodi sauti ya upepo ule kwa kinasa sauti, na kanda hiyo imehifadhiwa. Kwa watu wa Darwin wa rika lile, Krismasi haitajwi bila Tracy.

Krismasi ya Julai

Wanaokosa baridi wameipata Julai. Katika Milima ya Blue, magharibi mwa Sydney, hoteli huandaa mlo wa Krismasi katikati ya majira ya baridi, wenye moto wa kuni na pudini ya moto, desturi iliyoanza mwaka 1980. Ni biashara ya utalii, ingawa pudini kwa kweli huwa na ladha nzuri zaidi katika hewa hiyo. Nyuzilandi imekwenda njia nyingine: tangu mwaka 2022 Matariki, mwaka mpya wa Kimaori unaofuata kuchomoza kwa kundi la nyota la Kilimia, ni sikukuu ya taifa. Huangukia Juni au Julai, katika giza halisi la nchi hiyo, na ni wakati wa kuwakumbuka marehemu na kula pamoja.

Afrika Mashariki

Dar es Salaam, Mombasa na Nairobi nazo ziko kusini mwa ikweta. Krismasi ya mwambao huja na joto la kaskazi na maembe sokoni, na kama Australia huja mwaka wa shule ukiwa umekwisha. Ndiyo maana Desemba ni mwezi wa safari, na mabasi ya Moshi hujaa Wachaga wanaorudi kwao Kilimanjaro. Mwezi huohuo mkrismasi, mti wenye asili ya Madagaska, hufunika barabara kwa maua mekundu.

Ndani ya nyumba, hata hivyo, vipande vya pamba hubandikwa kwenye matawi kuwa theluji. Matawi hayo mara nyingi ni ya mvinje, mti ambao asili yake ni pwani za Asia ya Kusini-Mashariki, visiwa vya Pasifiki na kaskazini mwa Australia. Australia kwenyewe, mti unaokatwa zaidi kwa ajili ya sebule ni msonobari uliotoka California.