Mafuta ya taa yaliyozaa mahindi ya Kitale

Ingia duka la pembejeo mjini Kitale, Kenya, mwezi Machi, kabla mvua hazijakolea, usikilize wateja. Hawataji jina la mbegu, wanataja namba: 614. Muuzaji anashusha mfuko, anapokea pesa, anamgeukia mwingine. Tarakimu ya kwanza, sita, ni ishara kwamba mbegu hiyo ni ya nyanda za juu na hukaa shambani muda mrefu. Zinazoanza na tano ni za mwinuko wa kati. Jambo ambalo mfuko hausemi ni kwamba upande mmoja wa ukoo wa mahindi hayo ulitoka milima ya Ekuador, Amerika ya Kusini, na kwamba gharama za kwenda kuutafuta zilitoka kwenye utajiri wa mafuta ya taa wa Mmarekani mmoja aliyezaliwa mwaka 1839.

Huyo ni John D. Rockefeller. Kampuni yake ya Standard Oil ilianzishwa mwaka 1870, wakati magari hayajaingia barabarani, na faida yake kubwa ya awali ilikuwa mafuta ya kuwashia taa. Iliwameza washindani hadi Mahakama Kuu ya Marekani ikaamuru ivunjwe mwaka 1911. Miaka miwili baadaye, Mei 1913, jimbo la New York lilikubali kusajili Wakfu wa Rockefeller, baada ya jitihada za kupata kibali cha bunge la taifa kugonga mwamba. Wengi waliona pesa hizo zina doa, na hawakukosea. Aprili 1914, huko Ludlow, Colorado, wachimba makaa waliogoma walishambuliwa pamoja na wake na watoto wao katika kambi yao ya mahema, kwenye mgogoro na kampuni ambayo familia ya Rockefeller ilikuwa na hisa nyingi. Nalitaja hili mapema ili mazuri yatakayofuata yasilifunike.

Kwa watu wa pwani, neno wakfu halihitaji maelezo. Mtu anatoa shamba la minazi au nyumba, mali yenyewe haiuzwi wala hairithiwi, na mapato yake yanahudumia msikiti, kisima au mayatima mwaka hadi mwaka. Wakfu wa Rockefeller ulisimama juu ya msingi unaofanana na huo, ingawa badala ya minazi kulikuwa na hisa na dhamana za thamani ya dola milioni 100. Mwanzoni sehemu kubwa ya mapato ilikwenda kwenye afya: safura, malaria, homa ya manjano. Kilimo kilikuja kwa uzito mkubwa baadaye, kupitia Meksiko.

Mwishoni mwa mwaka 1940 Henry Wallace, aliyekuwa amechaguliwa kuwa makamu wa rais wa Marekani na ambaye mwenyewe alikuwa mzalishaji wa mbegu chotara za mahindi, alikwenda Meksiko kuhudhuria kuapishwa kwa rais mpya. Njiani aliona jinsi mkulima anavyohangaika na mavuno haba, na aliporudi akawashawishi viongozi wa wakfu waingie kwenye kilimo. Mwaka 1941 maprofesa watatu, Elvin Stakman wa Minnesota, Paul Mangelsdorf wa Harvard na Richard Bradfield wa Cornell, walitumwa kuizunguka Meksiko kwa gari, wakikagua mashamba, udongo na vyuo. Mradi ukaanza mwaka 1943. Mwaka uliofuata akafika kijana mtaalamu wa magonjwa ya mimea, Norman Borlaug, ambaye ngano zake fupi zenye kustahimili ugonjwa wa kutu zilikuja kuenea hadi India na Pakistan na kumletea Tuzo ya Nobel ya Amani mwaka 1970.

Sifa za Borlaug zimeandikwa sana. Anayeandikwa kidogo ni Carl Sauer, mwanajiografia wa California, ambaye wakfu ulimwomba ushauri mwaka huohuo wa 1941. Alionya kwamba wataalamu wa Marekani wakiingia kwa pupa na mbegu zao za kibiashara, wataangamiza hazina ya mahindi ya asili ambayo wakulima wa Meksiko wameitunza kwa karne nyingi. Hakusikilizwa kama ilivyopaswa, na faida kubwa ya ngano mpya ikawaendea wenye mashamba ya umwagiliaji kule Sonora kuliko maskini wa mahindi. Hata hivyo onyo halikupotea lote. Wakfu ulisaidia kukusanya mahindi ya asili ya Amerika ya Kusini na ya Kati na kuyahifadhi katika maghala ya mbegu huko Meksiko na Kolombia.

Humo ndimo Kitale ilimopata bahati yake. Utafiti wa mahindi ulianza pale mwaka 1955, mji ukiwa bado wa walowezi, chini ya mtaalamu Michael Harrison. Mahindi yaliyokuwepo yalikuwa yamezoeana kupita kiasi. Ukiyachanganya wenyewe kwa wenyewe, hayaongezi kitu cha maana. Mwishoni mwa miaka ya 1950 Harrison alikwenda Amerika ya Kusini na ya Kati kwa ufadhili wa Rockefeller, akarudi na mbegu kadhaa. Mojawapo iliandikwa kwenye daftari kama Ecuador 573, mahindi ya wakulima wa milimani ambao majina yao hayamo katika kumbukumbu yoyote.

Namna ya kuchanganya ni kazi ya mikono na subira. Mistari ya mama na mistari ya baba hupandwa pamoja. Mbelewele zinapoanza kuchomoza kwenye mistari ya mama, vibarua hupita mstari kwa mstari wakizing'oa, siku baada ya siku, ili chavua itakayoangukia nywele za magunzi yale iwe ya baba peke yake. Mche mmoja ukisahaulika unaharibu usafi wa mbegu. Harrison alipounganisha mahindi ya Kitale na yale ya Ekuador, uzao uliwazidi wazazi wote wawili kwa mbali, na mwaka 1964, mwaka mmoja tu baada ya uhuru, mbegu ya H611 ilitolewa kwa wakulima. Wenye mashamba madogo magharibi mwa Kenya waliichangamkia kwa kasi ambayo watafiti walioipima waliiona ikizidi ile ya Iowa, Marekani, nyumbani hasa kwa mahindi chotara, katika miaka ya 1930. Bei yake ipo: mkulima hawezi tena kuchagua magunzi mazuri ya kuanika dohani kwa ajili ya msimu ujao bila kupoteza mavuno. Kila Machi lazima arudi dukani.

Wakati huohuo wakfu uligeukia vyuo. Mwaka 1963 Makerere, Nairobi na Dar es Salaam viliunganishwa kuwa Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki, Mwalimu Nyerere akiwa mkuu wake. Kilimo kiliwekwa Makerere, tiba ya mifugo Nairobi, sheria Dar es Salaam. Rockefeller ulikuwa miongoni mwa wafadhili wakubwa, ukileta wahadhiri na kuwasomesha Waafrika nje ili waje washike nafasi zao. Chuo kilivunjika mwaka 1970, kila nchi ikachukua chake, lakini waliosomeshwa walibaki madarasani.

Mpango ninaouthamini kuliko yote ni ule wa mwaka 1992, usio na jina kubwa wala tuzo. Wakfu ulianza kutoa ruzuku ndogo kwa wahadhiri wa kilimo katika Kenya, Uganda, Malawi, Msumbiji na Zimbabwe, kwa sharti kwamba kila ruzuku isomeshe wanafunzi wa shahada ya uzamili papa hapa, wakifanya utafiti kwenye mashamba ya wakulima wa hapa. Mwaka 2004 vyuo vyenyewe viliuchukua mpango huo, vikauita RUFORUM na kuweka makao yake Makerere. Vilikuwa vyuo kumi. Leo vimepita 100. Mtu wa Kampala anaamua swali gani lichunguzwe kuhusu muhogo wa Gulu, na hiyo ni tofauti kubwa na maprofesa watatu ndani ya gari.

Bado pesa nyingi zinatoka ng'ambo, nasi tunao matajiri. Mabasi yao tunayapanda, saruji yao tunaijengea, simu zao tunazipiga. Kwa wao nasema hivi: mwanafunzi wa Sokoine, Egerton au Makerere aliyekwama kwa kukosa fedha za kupima udongo hahitaji mamilioni ya dola. Anahitaji wakfu mmoja wa nyumbani, ulioandikishwa, usiouzwa, unaolipa kila mwaka. Waulizeni wakuu wa vyuo hivyo. Orodha za tafiti zinazosubiri fedha wanazo.